Swali la Kisima

Kitendawili, wajukuu zangu: huja kuuliza njia, kumbe keshafika. Haya, tegueni!

Hidaya, mwanafunzi wa biashara, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwahoji watu kwa niaba ya kampuni ya maji ya chupa. Alimkuta Bi Kidawa uani, akisuuza ndoo.

"Bibi, kisima cha mtaa kikifungwa, utanunua maji yetu?"

Bi Kidawa akacheka. "Mjukuu wangu, hata ya chai sitayamudu! Kwani nani akifunge?"

"Ni swali la utafiti tu."

"Na wengine umewauliza hilo hilo?"

"Wote, bibi."

Kicheko kilimkauka Bi Kidawa mdomoni. Upande wa kisimani, nyundo zilianza kugonga.

"Nimekuuliza, nani anakifunga?"

Hidaya aliinamisha kichwa.

"Ni sisi, bibi."