Moshi wa Saa Sita

"Mimi wivu sina," Agustina aliwaambia wanawake wenzake pale kisimani, huku amezamisha pua kwenye kwapa la shati la mume wake. "Harufu ya kitunguu tu ndiyo inanisumbua."

Shati lilinuka kitunguu cha kukaanga, na moshi juu yake. Na Nikodemo, mwenye shati, alikuwa na kazi isiyomruhusu mtu hata kuwasha kiberiti. Alilinda mashine ya kupima hewa, juu kabisa ya mlima, pale Nyarero. Mashine ile huvuta pumzi mchana na usiku, na kila moshi unaopita inauandika. Kupika kule ni marufuku.

Kwa hiyo kila asubuhi Agustina alimfungia chakula kwenye hotpoti. Jioni hotpoti ilirudi tupu, imesuguliwa mpaka inang'aa.

"Mwanamume gani wa hapa anaosha hotpoti?" aliuliza.

Wakacheka. Wote walimkumbuka Heche, aliyekutwa anasonga ugali wakati mkewe amelazwa. Watu wa rika lake walimcheka mpaka akahamia Sirari. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Nikodemo.

Baada ya hapo khanga ya njano ya Agustina ikapotea kwenye kamba. Wiki iliyofuata ukapotea mwiko. Agustina akajua huyo mwanamke wa vitunguu sasa amehamia kabisa kule mlimani.

Alhamisi alipita Elieth, binti wa Tarime mjini anayekuja kila mwezi kuchukua taarifa za mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine inasemaje?"

"Inasema kuna moshi, mama. Saa sita mchana, kila siku ya kazi. Jumapili hakuna. Na hautoki bondeni, ni wa hapo hapo karibu. Mzee ananiambia eti ni ukungu." Elieth akashusha sauti. "Wakubwa wangu wakiuona tena mwezi huu, mzee hana kazi."

Jioni Agustina alimwekea mumewe ugali na maneno kwa pamoja.

"Baba Mogesi, nani anapika kule juu?"

Nikodemo aliutazama ugali, na mabonge yake ambayo kwa miaka thelathini hajawahi kuyalalamikia. Akautazama mlango. 

"Kuna mwanamke," alisema mwishowe. "Wa Kerende. Anaitwa Maua."

 Matusi yote aliyoyaandaa Agustina yalikuwa ya mtu anayekataa.

"Anakupikia nini?"

"Dagaa. Anawakaanga na nyanya na kitunguu." Sauti ilimlegea. "Na ugali wake ni laini, mama Mogesi. Hauna hata bonge moja."

Hapo ndipo wivu ulipomkaba. Kuibiwa mume angeweza kuvumilia, walau mpaka mavuno. Lakini kushindwa ugali?

"Kesho umfukuze. Yeye au mimi."

"Nipe mpaka Jumamosi," Nikodemo alimbembeleza. "Dagaa bado hawajaisha."

Kesho yake, saa tano na nusu, Agustina alikuwa anaupanda mlima, fimbo ya ng'ombe mkononi, akilitaja jina la Maua kila hatua ili hasira isipoe. Nyani wa njiani walikuwa wamenenepa ajabu. Walimfuata wakimwangalia mikono, kama wanaodai chakula chao.

Harufu ya kitunguu ilimpokea kabla hajafika kwenye uzio. Akavua ndala, akazunguka kibanda cha mlinzi akinyata.

Na kweli, alikuwepo. Amempa mgongo, amejifunga ile khanga ya njano kuanzia kifuani, ameinama juu ya jiko la mkaa. Mwiko wa Agustina ulizunguka sufuriani taratibu, kwa ufundi ambao Agustina mwenyewe, tangu aolewe, hajawahi kuupata. Hilo lilimuuma kuliko khanga.

Akainua fimbo.

"Maua."

Khanga iligeuka. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi, na unga ulikuwa umeganda kwenye ndevu.

"Maua ametoka sasa hivi," alisema Nikodemo. "Kaniambia nimshikie mwiko kidogo."