Bahasha Zisizo na Alama

Dada mtu alitumbukiza mkono kwenye mfuko wa nyuma wa mkoba wa mdogo wake, akachomoa bahasha. Masikio yote alikuwa ameyaelekeza mlangoni. Mdogo mtu alikuwa ametoka kununua uzi wa kufungia mikoba, na duka lenyewe lilikuwa pale kwenye kona.

Mezani mikoba ilikuwa miwili, ya kadibodi nyeusi, imefanana kama pacha. Ndani ya kila mmoja mlikuwa na kazi kumi na mbili za kuombea nafasi kwenye kozi ya usanifu. Chuo kilikuwa na sharti moja: jina lisionekane popote. Unaliandika kwenye kikaratasi, unakitia ndani ya bahasha nyeupe ya chuo isiyo na alama, unaibandika kwa gundi na kuichomeka nyuma ya mkoba. Walimu wakishachagua kazi, ndipo wanafungua bahasha wajue ni za nani. Hao ndugu wawili walikuwa wamezibandika bahasha zao jana yake jioni.

Dada mtu alishaomba mara mbili na kurudishiwa mkoba mara mbili. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho; mwakani umri ungemtupa nje. Na ndipo mdogo wake, mtoto wa miaka kumi na minane mwenye wino hadi kwenye kucha, naye akajitosa kuomba.

Roho ilimuuma, tena ilimuuma hasa. Aliufunua mkoba wa mdogo mtu akaangalia tena. Pakiti ya sukari inayojifunga yenyewe, kwa ajili ya bibi yao anayetetemeka mikono. Tangazo la zahanati lisilo na neno hata moja, na bado unalielewa. Kazi zake yeye zilikuwa safi, zimenyooka kwa rula, na hakuna aliyewahi kuziangalia mara mbili. Hata mama yao, fundi cherehani asiyejua lolote la usanifu, alizipitia za mkubwa akisema, "Nzuri, mwanangu," kisha akakaa na za mdogo mpaka chai ikapoa.

Kilichomchoma zaidi ni upole wa yule mtoto. Wiki nzima alikuwa akimwambia, "Safari hii unapita, dada. Mimi najua." Tena akamuuliza mwalimu wa sanaa, mbele ya watu, kama aliyekosa mwaka huu anaruhusiwa kurudi mwakani. Dada mtu aliona anachezewa shere. Mwenye uhakika wa kushinda ndiye anayejifanya mnyenyekevu hivyo, alijiambia, akazidi kuwaka.

Basi akazihamisha. Bahasha yake ikaingia kwenye mkoba wa mdogo wake, ya mdogo wake ikaingia kwenye mkoba wake. Mdogo mtu aliporudi na uzi, alimkuta dada yake anafagia vipande vya karatasi.

"Nikufungie na wako?"

"Funga tu," dada mtu alijibu bila kuinua uso.

Wiki tatu baadaye orodha ilibandikwa kwenye lango la chuo. Majina yalikuwa kumi na mawili. Dada mtu aliyasoma kutoka juu hadi chini, akarudia kutoka chini hadi juu. Lake halikuwepo. La mdogo wake lilikuwa la nne.

Alikaa kwenye ukingo wa mtaro. Alipiga hesabu mara tatu na jibu likawa lile lile. Kazi zilizokuwa na bahasha ya mdogo wake ni zile zake mwenyewe, za rula, alizozidharau yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Ndizo zilizopita. Kumbe siku zote alikuwa anaweza, na siku walipomwona ndiyo siku aliyomkabidhi mwingine kiti chake kwa mkono wake mwenyewe. Kicheko kilimtoka, kisha machozi yakafuata.

Mdogo mtu akaja kukaa kando yake. Aliyeshinda ndiye huyo, lakini macho yake nayo yalikuwa mekundu.

Dada mtu akajikaza. Aibu ilikuwa nyingi, ila kiti kilikuwa chake na alikitaka. "Kuna jambo lazima nikuambie," alisema. "Zile bahasha..."

"Umejuaje?" Mdogo mtu akajifunika uso kwa viganja. "Nisamehe, dada. Sijui wamekosea wapi, lilipaswa kutoka jina lako. Nilizibadilisha jioni ile ile tulipozibandika, ulipokwenda kuoga, ili kazi zangu zikuingize wewe."