Birika la Kunawia

Bi Mwanakheri aliwatoa wahudumu wote ukumbini, maana mazungumzo yale hayakuwa ya serikali wala ya magazeti. Aliwaita wanajeshi wastaafu wa nchi mbili jirani watafute la kuwashauri wakubwa wao, kabla doria za mtoni hazijafyatuliana risasi tena. Lakini tangu asubuhi Jenerali Ngwilulu na Kanali Barasa wa ng'ambo ya mto walizungumza kupitia kwake tu, kila mmoja kana kwamba mwenzake hayupo.

Pilau ilipotua mezani ndipo alipogutuka: nani atawanawisha wageni? Akainuka, lakini Jenerali alikwisha kunyakua birika na beseni.

"Kaa, dada. Umetubeba vya kutosha."

Wa kwanza mbele yake alikuwa Kanali. Kanali alilitazama birika, akakunja mikono ya shati polepole.

"Maji hayo hayaunguzi?"

"Ya vuguvugu. Leo nimekuja kwa heri."

Kanali akacheka, na meza nzima ikacheka naye. Akanawa bila haraka.

"Hivi doria yenu hufika kivukoni saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Lo! Na yetu vilevile. Si ndiyo maana zinagongana?"

"Basi yenu ije alasiri."

"Kwa nini isiwe yenu?"

Bi Mwanakheri aliinusa pilau iliyokuwa ikipoa, akaifunika. Maji yalikwisha birikani. Jenerali aliendelea kuliinamisha, na Kanali aliendelea kukinga mikono, huku wakijadiliana saa za doria.