Uzito wa Mashua Yetu

Bahari imekula barabara, kwa hiyo kila nyumba mtaani kwetu lazima ijiunge na klabu ya mashua za tanga. Kila mashua inapima watu wake. Uzito ukizidi ulioandikishwa, haitoki gatini hata mlie vipi.

Siku ya kujiandikisha tulipanda mizani sote watano: mimi, mume wangu Makame, watoto wetu wawili na mama mkwe wangu, Bi Nasra.

"Shoga, mmegusa mwisho kabisa," karani akaniambia. "Isiongezeke hata kilo moja."

"Zuhena na mapishi yake? Watazama kabla ya Ijumaa!" jirani akapayuka. Foleni nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka.

Mwezi wa pili nikajua nina mimba. Sikumwambia mtu, hata Makame. Maji nayo yalikuwa yameshaingia sokoni.

Jana mchana nilimpakulia Bi Nasra wali. Akausogeza pembeni, kama juzi, kama wiki nzima.

"Kula, mama, nakuomba. Kwani umeudhiwa na nani?"

Akaniangalia tumboni, akatabasamu.

"Nani aniudhi, mwanangu? Bado kilo tatu tu. Na huyo naye apate pa kukaa."