Kitufe cha Dawa

Katika mchezo wa simu, joka lilimwangusha binti wa Nyamoita kwa pigo moja. Sasa alikuwa amelala kwenye theluji, uhai wake umebaki mstari mwembamba mwekundu.

"Mama, dawa!" Sauti ya binti ilimfikia mama yake kijijini Nyamira, kutoka Doha binti alikofanya kazi. "Fungua mkoba!"

Nyamoita alikuwa mtabibu wa kikosi kwa siku ya tatu tu. Alijua kutembea na kusalimia. Mkoba aliufungua kwa bahati.

"Huyu mtabibu wako hajui kitu," kiongozi wa kikosi alimwambia binti, sauti yake ikitoka kwenye simu hiyohiyo. "Tukimaliza hapa namtoa."

Nyamoita alibonyeza. Simu haikusikia. Miaka ishirini ya kuchuma majani chai ilikuwa imekifanya kidole gumba chake kigumu kama gome, nyufa zake nyeusi, na kioo hakikukitambua. Alikipangusa kwenye leso, akabonyeza tena. Joka likainua mguu.

Ndipo akatumia kidole cha mwisho, kile kidogo, ambacho kazi ya chai haikukigusa. Mkoba ukafunguka. Vitufe vilikuwa vingi, lakini chupa ya kijani aliijua. Akaivuta taratibu hadi kwa mwanawe, akaiachilia.

Mstari ukajaa. Binti akaruka juu na upanga wake.

"Mama! Umeweza!"

Nyamoita alicheka hadi kuku wakatawanyika mlangoni.

"Mathe," kiongozi akasema kwa adabu, "hata mimi naumia. Nisaidie dawa."

"Si ulisema unanitoa?" Nyamoita aliuliza, kidole chake kidogo kikiwa tayari juu ya chupa ya pili.