Kola ya Kumkondesha Bibi Harusi

Kwa fundi cherehani, gauni la harusi lilikataa kufungika mgongoni mwa Tunu. Bi Ruzuna, mama wa bwana harusi, akafungua leso yake na kutoa kokwa nyingine ya kola, tunda chungu linalotafunwa kuchangamsha mwili.

"Tafuna, mwanangu. Inaua njaa hii. Siku ikifika utakuwa umekonda."

Tangu aanze kuzitafuna, Tunu alikuwa hapati usingizi, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi. Akaiuma. Uchungu ulipomjaa kinywani, akaitema kiganjani na kuiweka juu ya cherehani.

"Nakuheshimu, mama, lakini sitafuni tena. Fundi, ongeza kitambaa."

"Utamwaibisha mwanangu!"

"Mwanao aliponiposa alikuwa na macho, mama."

Fundi akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Tunu akatoka vivyo hivyo, gauni likiwa wazi mgongoni na pini zikimeta, akavuka barabara hadi kwa muuza mihogo ya kukaanga. Watu wakageuka kumtazama. Bi Ruzuna akamwita kutoka mlangoni, mara ya kwanza kwa ukali, ya pili kwa kubembeleza. Tunu aliuma kipande cha muhogo wa moto chenye pilipili, machozi yakamlenga, akanyoosha mkono kuomba kingine.