Gurudumu la Nyuma

"Njoo kesho, dada," alisema fundi baiskeli, wala hakuinua uso.

"Ulisema hivyo Jumatatu. Kesho nampeleka mama kliniki kwa baiskeli yangu hiyo, na mama hatembei tena."

"Spea hazijafika. Au unataka nizizae?"

Kubishana na fundi yule ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mara mwanamume mmoja akatoka uani akikokota baiskeli yake iliyokwishatengenezwa, mwanawe mdogo amekaa kwenye keria, kichwa kimelegea.

Binti akaliona gurudumu la nyuma. Spoku mbili zilifungwa pamoja kwa waya wa shaba, fundo dogo kama punje ya mchele. Fundo hilo alilikaza marehemu baba yake kwa meno.

"Nimemwazima tu," fundi akanong'ona. "Lako litapatikana."

Binti akaishika keria. Mwanamume akageuka.

"Niachie, dada yangu. Mtoto anachemka, nawahi hospitali."

Mtoto akauegemea mkono wa binti. Shavu lake lilikuwa la moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Binti hakuuondoa mkono.

"Mshushe," alisema. "Gurudumu hili ni langu."